Nukta Iliyonipotea

Jumatatu, 3 Machi
Nimekwisha! Napofuka! Na kazi yangu maabarani ni kutazama picha na kusema ninachoona, ili Profesa alinganishe ubongo wangu na programu ya kompyuta aliyoifundisha kuona. Macho ndiyo jembe langu. Leo kanipa kadi: msalaba kushoto, nukta nyeusi kulia. Nifumbe jicho la kushoto, nikazie macho msalaba, nisogeze kadi polepole. Nukta ikatoweka! Weupe mtupu. Jasho likanitoka. Mwenzangu, tunayemwita Miwani, alikuwa anachungulia; anakitaka kiti changu tangu mwaka jana. Nikasema nukta naiona, tena inang'aa.

Jumanne, 4 Machi
Chakula hakipiti. Nimejigonga mlangoni nikitembea na jicho moja, kujipima. Mke wangu kasema macho ni mazima, kilichopofuka ni akili. Nina mpango: kila nikiulizwa, naiona. Leo maabarani nimesema hivyo mara arobaini. Profesa akaacha kuandika. Akasema hajawahi kukutana na binadamu wa namna hii. Miwani kanuna! Furaha haikumaliza dakika. Kesho naingizwa kwenye mashine ya kupiga picha ubongo. Mama yangu!

Jumatano, 5 Machi
Mashine inagonga kama fundi bati. Nimelazwa ndani kama maiti, nikijua ubongo wangu utanisaliti. Naiona, nikasema. Naiona. Naiona. Wakanitoa. Profesa akaniambia kwa upole kwamba nukta kwenye picha za leo waliifuta tangu mwanzo. Miwani akacheka mpaka akakaa sakafuni. Nikaungama yote huku nalia: napofuka, nina mke na watoto.
Profesa akanishika bega. Kila mtu ana shimo hilo, akasema. Pale mshipa wa fahamu unapotokea nyuma ya jicho hapaoni kitu, na ubongo hupaziba kwa kukisia kutokana na vilivyo jirani. Hata programu yao hukisia hivyohivyo. "Si ugonjwa, kaka. Ukiona, sema. Usipoona, sema."
Nikaapa.

Alhamisi, 6 Machi
Leo mistari miwili yenye vishale kwenye ncha: wa juu vimefunguka kwenda nje, wa chini vimekunjwa kurudi ndani. Wa juu mrefu zaidi, naona wazi kabisa. Nikapima kwa rula kisirisiri: sawasawa! Kumbe sasa jicho linarefusha vitu! Profesa alipouliza ninaona nini, nikasema sawasawa, milimita kwa milimita. Akakuna kichwa kwa kalamu, akanung'unika kwamba vishale hivyo hudanganya kila jicho, hata programu yake. Nadhani nimeponea. Ila nimerudi nyumbani nikakuta kitanda kimekuwa kirefu. Mke wangu asijue.