Ombi la Kumilikishwa "Rudia Mpaka Nywele Ziishe"

Mheshimiwa Msajili wa Uvumbuzi,

Salamu nyingi, na pole na kazi. Mimi ni msusi wa mkeo. Leo asubuhi, nikimsuka kwa ajili ya harusi ya dada yako, amenieleza kwamba ofisini kwenu mnavutana: mtu akitunga programu ya kompyuta, apewe hataza ili mwingine asiitumie bila ruhusa yake, au asipewe? Anasema wewe umeshikilia kuwa apewe. Nimefurahi mpaka kitana kikanidondoka. Basi naandika malalamiko yangu hapa hapa, mkeo akimalizia chai.

1. Nimeuliza programu ni kitu gani. Mkeo kasema ni maagizo yanayofuatana, na mengine hurudiwa mpaka kazi iishe. Mheshimiwa, hiyo si kazi yangu? Gawa mafungu matatu, pitisha la kulia juu, la kushoto juu, vuta, rudia mpaka nywele ziishe. Kompyuta imenikuta nikisuka.

2. Kidole Chepesi, niliyemfundisha mwenyewe, kafungua saluni ng'ambo ya barabara na anarudia mchana kweupe. Wateja wangu wanahamia kwake mmoja mmoja, na inaniuma sana. Naomba azuiwe kurudia. Apitishe mara moja tu kwa kila kichwa, aishie hapo.

3. Kaiba pia programu yangu ya maongezi: salimia, ulizia watoto, guna, kisha sema "usimwambie mtu." Bila hiyo nani atakaa kitini nusu siku?

4. Wasokota kamba wote, na akina mama wanaosuka binti zao mlangoni kabla ya shule, waje kuniomba ruhusa. Sina roho mbaya. Nitawasikiliza Jumamosi, kwa zamu.

Nisalimie karani wako, mlinzi wa getini, na yule dada wa mapokezi aliyesukwa na Kidole Chepesi. Nimemsamehe.

Wako mwenye imani na ofisi yako,
Msusi wa Kona

Tanbihi: Mama mkwe wangu kapita, kaisoma barua hii akiwa nyuma yangu. Anasema mafungu matatu alinifundisha yeye, kwa hiyo hataza ni yake, na nisiguse unywele mpaka nimwombe ruhusa vizuri. Kaondoka kanuna, simu hapokei. Mkeo kasukwa upande wa kushoto. Wa kulia umesimama wima. Harusi ni saa nane. Mheshimiwa, nakusihi, tangaza leo hii kwamba maagizo hayana mwenyewe, ya kompyuta wala ya kichwa. Fanya haraka. Mkeo keshachukua mkoba, na anatazama ng'ambo ya barabara.