Mitungi ya Utende

Jumatatu, 7 Machi 2011
Nimepata mitungi ya kuzimia moto, mikuukuu, kutoka nyumba ya wageni iliyofungwa kule Utende. Mshale wa kipimo cha kila mmoja umelala kwenye nyekundu. Maana yake imekwisha. Mpango: nifungue, nitie unga mpya, nijaze upepo kwa pampu ya baiskeli, nipake rangi, niuze dukani. Kilindoni nzima hakuna mwenye biashara hii. Mke wangu Zarina kauliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia ni unga na upepo tu. Kaniangalia kwa huruma.

Jumanne, 8 Machi
Valence, fundi wa boti za hifadhi ya bahari, kapita dukani. Kasema nisiiguse. Hata mshale ukiwa kwenye nyekundu, ndani yaweza kubaki nguvu ya kumng'oa mtu taya. Wala nisiitupe jalalani, pale watu wanachoma taka. Ya kwake huipeleka Dar kwa wenye leseni. Wivu mtupu.

Jirani yetu Bi Somoe, muuza vitumbua, alikuwa anasikiliza. Tangu jiko lake liungue mwaka jana, hulala na ndoo ya maji miguuni. Kauliza kama mmoja utakuwa wake. Nikasema wa kwanza kabisa. Kaniombea dua ndefu. Nikaona haya kidogo, sijui kwa nini.

Alhamisi, 10 Machi
Nimefungua mmoja kwa spana. Au umejifungua wenyewe. Kichwa chake kimetoboa bati. Unga umetapakaa ua mzima. Sioni, sisikii. Bi Somoe kaja mbio na ndoo yake, kanimwagia yote. Nikawa uji.

Zarina kanipangusa uso kwa upindo wa kanga, jicho hili, kisha hili. Nikangoja anikaripie.

Kasema tu, "Naqi, mimi nitazeeka na nani?"



Ijumaa, 11 Machi
Nimemwendea Bi Somoe. Shikamoo, marahaba. Nikamweleza kweli: mtungi ambao ningempa ungemwacha aungue. Kauliza kama masikio yangu yamepona. Hapo nikashindwa. Nimerudi dukani, nikautungua ukutani mtungi wa duka letu wenyewe, ulio mzima, mshale kwenye kijani, nikampelekea. Nikamwonyesha: vuta pini, elekeza kwenye shina la moto, bana. Kaupakata kama mjukuu. Zarina kasema leo nimekuwa mtu.

Valence kaipakia iliyobaki kwenye boti ya Dar. Inayofaa itajazwa; iliyoliwa na kutu, wenye leseni wataitoa presha na kuiharibu. Ataturudishia mmoja wa duka. Hakunicheka hata kidogo. Imeniudhi.

Jumapili, 13 Machi
Nimemwapia Zarina sitafungua mtungi tena maishani. Kafurahi, kanipikia pweza wa nazi.

Kule Utende wameacha pia friji kubwa, bovu. Friji si mtungi. Nyuma lina mabomba ya shaba tupu. Nimempigia Valence simu, kasema nisithubutu kuyakata, ndani mna gesi. Wivu umemzidi. Kesho Zarina anakwenda kwa dada yake. Msumeno nimeshaazima.