Nilivyojigandisha Mbele ya Madamu

Leo nimeaibika, na aliyenimaliza ni mama yangu mzazi.

Nasomea ualimu. Chuo kimefungwa kwa ukarabati, kwa hiyo tunasoma kwa simu, kila mtu kwao. Mimi niko nyumbani Mwisenge. Asubuhi nikakaa sebuleni na shati langu la pasi, nikawasha kamera. Madamu wa kompyuta huwaga hamhesabu aliyezima.

Somo lilikuwa kutafuta wastani wa alama kwa fomula. Jana kwenye grupu la darasa nilijitapa kwamba hayo nayajua tangu sekondari. (Sekondari yetu tulikuwaga na kompyuta mbili, zimefunikwa vitambaa. Sikuwahi kuona zikifunuliwa.)

"Magesa," Madamu akaita, "si ulisema unajua? Shea skrini utuonyeshe."

Nikaganda. Kwa makusudi kabisa. Macho wazi, mdomo nusu, mkono hewani, ili waone simu yangu imekwama. Nilipanga nikae hivyo mpaka amwite mwingine.

"Madamu, Magesa kakatika," mwenzangu mmoja akasema. Nikamshukuru moyoni.

Ndipo mama akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Magesa, sikuiti?" Kimya. "We Magesa." Akapitisha mkono mbele ya macho yangu. Sikupepesa. (Darasa zima linatazama. Nikisogea nimekwisha.)

Mama akamwita jirani dirishani: "Mama Wegesa, njoo, mtoto kashikwa na kifafa." Akanikamata kichwa, akanisukumia mwiko katikati ya meno nisijing'ate ulimi. Mwiko umetoka kwenye ugali sasa hivi.

Nikaruka. "Mama, unaniunguza, niko darasani."

Kisha Madamu akasema kwa upole, "Naona mtandao umerudi. Haya, tuonyeshe wastani."

Mama akainamia simu. "Mwalimu, shikamoo. Naomba umsamehe, anaumwa."

"Marahaba, mama. Haumwi. Hajasoma."

Mama akanitazama. Akavuta stuli, akakaa karibu yangu, mwiko mapajani, mpaka kipindi kikaisha. Ile fomula nimeielewa vizuri sana.

Saa hizi picha ya grupu letu ni mimi na mwiko mdomoni, ugali kwenye kidevu. Naomba msicheke. Siku mtandao ukinikatikia kweli, nani ataniamini?