Kiazi Kwenye Machela

Jumatatu, 10 Juni

Pembe ya msaragambo, kazi yetu ya pamoja, imelia asubuhi, ukungu bado umekalia migomba. Kesho wanachama wote wa Chama cha Marafiki wa Zahanati tutabeba mawe hadi kule chini zahanati, kujenga nyumba ya nesi. Mawe! Mimi, na goti hili!

Mwenyekiti ni Sadock. Mzee wa kanisa, jirani yangu. Tulichunga mbuzi pamoja utotoni, na mpaka leo ananihesabu kama mbuzi. Amepita mlangoni kunikumbusha kwamba msaragambo nimeshaukwepa mara mbili. Nikikosa tena bila kuumwa, jina langu linafutwa. Nikamwambia afute tu, kwani limo kwenye kitabu cha uzima? Akacheka kidogo. Akasema aliyefutwa habebwi.

Hapo kanipata. Huku kitongojini juu hakuna barabara. Hata bodaboda hukata tamaa kule kwenye mfereji. Mtu akiugua, wanachama wanambeba kwa machela mpaka zahanati, na machela yenyewe ni hiyo hiyo moja. Asiye mwanachama ana miguu yake.

Dorkas, mke wangu, ameniuliza goti likigoma kabisa nitabebwa na nani, na jogoo? Nafikiri.

Nimepata! Bila kuumwa, alisema. Basi nitaumwa.

Jumanne, 11 Juni

Mpango ulikuwa hivi. Nijifunike blanketi, nigune. Habari imfikie Nesi Salha, ambaye huwa anapanda kuwaona wazee na kile kipimajoto chake cha kwapani. Kwapani nimeshaweka kiazi kitamu kilichochemshwa, kidogo, cha duara kama yai. Nesi akiingia nakitoa, kwapa linabaki na homa. Shule niliishia darasa la nne, lakini hii ilikuwa kazi ya chuo kikuu.

Dorkas alikataa kusema uongo. Alikwenda kwa Sadock akasema tu kwamba nimelala na sitaki kuamka. Ukweli mtupu.

Aliyekuja si nesi. Alikuja Sadock na vijana watatu, na machela! Kumbe leo kuna kliniki ya watoto, nesi hawezi kupanda, na utaratibu wa chama ni kwamba mwanachama akiugua anabebwa hapo hapo. Mimi nilitegemea pole na ndizi mbivu! Nikasema nimepata nafuu. Sadock akanigusa kifuani, jirani kabisa na kiazi, akasema mwili unachemka huu.

Wakanibeba. Mungu anisamehe, nilifurahia. Sadock kaweka mti begani, jasho linamtiririka shingoni, nami juu kama mfumwa, chifu wetu wa enzi zile. Nikamwambia Mwenyekiti aende taratibu, mgonjwa anaumia. Waliobeba mawe wakapisha njia, wakatua mizigo, wakanipa pole. Mama Agape akavua kanga yake ya begani akanifunika nayo.

Tulipokaribia mfereji, Blessing, binti mdogo wa Sadock, akaja mbio kutoka juu, analia. Dada yake Ernesta, yule mjamzito, uchungu umemshika kabla ya siku zake, na damu inatoka. Machela!

Wote wakaniangalia. Nikafumba macho.

Vijana wakasema babu ashushwe. Sadock akakataa. Akaukaza mti begani. Akasema mzee mwenye homa hatupwi kwenye baridi eti kwa sababu mgonjwa mwingine ni mtoto wa mwenyekiti. Tumfikishe huyu mbio, turudi mbio.

Ningeweza kusema. Neno moja tu. Sikusema. Nilikuwa naliwazia jina langu. Wakaanza kukimbia, kona hii, kona ile, nami juu yao, nikimsikia Sadock anahema na kumwomba Mungu kwa Chasu, lugha ya nyumbani.

Kisha kijana wa nyuma akateleza. Machela ikayumba. Kiazi kikatoka kwapani, kikabingirika tumboni, kikadondoka kwenye jiwe, kikapasuka. Kilikuwa bado kinafuka!

Sadock akakitazama. Akanitazama mimi. Ningeshukuru angenitukana. Hakunitukana. Aliishusha machela pole pole, kama vile bado naumwa, akanishika mkono nikasimama. Halafu wakageuka, wakapanda mlima mbio.

Nikakaa kwenye jiwe. Wakarudi na Ernesta, ameuma pindo la kanga. Niligeuza uso. Haikusaidia. Aliniona. Katikati ya uchungu ule akaachia kanga, akasema shikamoo baba, pole na kuumwa.

Nikaitika marahaba. Sijawahi kubeba jiwe zito kama ile marahaba.

Jumatano, 12 Juni

Mtoto wa kike. Mama na mtoto wazima. Nesi Salha amesema ni bahati, wangechelewa zaidi ingekuwa habari nyingine. Zaidi! Neno hilo nalirudia tangu asubuhi.

Dorkas kapika viazi asubuhi. Viazi mchana. Viazi jioni. Anapakua tu. Watoto wa shule wanapita mlangoni wamebana makwapa, wanatembea kama bata. Nimeshinda ndani. Sasa naumwa kweli na hakuna wa kumwambia.

Jumamosi, 15 Juni

Mkutano wa chama, uwanja wa zahanati. Nilijiandaa kutetea kwamba kanuni haisemi kuumwa kwa namna gani, na aibu nayo ni maradhi. Niliposimama maneno yote yakakimbia. Nikasema tu kwamba kile kiazi kilikuwa changu.

Watu wakacheka mpaka wakashikana. Sadock hakucheka. Mama Agape akataka nifutwe leo leo, na kanga yake irudi ikiwa imefuliwa.

Sadock akasema ana ujumbe wa Ernesta. Kasema nisifutwe. Goti langu ni bovu kweli, kila Jumapili ananiona ninavyoteremka ngazi za kanisa, na siku nikizidiwa nikiwa peke yangu kule juu, itakuwa aibu ya chama kizima.

Mikono ikanyooshwa. Wa kwanza ulikuwa wa Sadock. Nimebaki mwanachama! Sharti ni moja: Jumanne nije kwenye mawe, hata kama ni kokoto.

Nikalia. Nikasingizia vumbi la saruji. Saruji yenyewe ilikuwa bado kwenye mifuko.

Jumatatu, 17 Juni

Pembe imelia tena. Nimemwapia Dorkas kwamba kesho nitakuwa wa kwanza kufika. Ngata ya kichwani nimeshasuka. Kanga ya Mama Agape nimerudisha, imefuliwa, akaipokea kwa vidole viwili. Nimekwenda pia kumwona mtoto. Kanishika kidole hataki kuachia, na Ernesta akaniuliza homa imeisha? Hakuwa ananitania. Nikatoka nje haraka.

Mimi ni mtu mpya.

Ila ukungu wa leo ni mzito, na goti limeanza maneno yake. Dorkas yuko jikoni, anachemsha muhogo. Nimesimama mlangoni nauangalia. Mrefu. Mnene. Unatunza joto kuliko kiazi.

Nimelifikiria jambo hili vizuri, na kosa langu sasa nimeliona. Lilikuwa umbo. Muhogo haubingiriki.