Kishada cha Jenerali

Jumatatu, 4 Machi
Mkuu wa kitengo anastaafu. Sisi wahandisi wa rada tumejifanya hatukusikia. Alhamisi Jenerali anakuja kuijaribu rada yetu mpya, na atakayekaa kwenye skrini siku hiyo ndiye atakayerithi kiti. Nikajitolea. Kumbe Kalamu Mbili, jirani yangu wa meza anayechomeka kalamu mbili kifuani kama daktari, alishajitolea tangu Ijumaa. Mimi nimepewa kazi ya kumshikia Jenerali mwavuli. Shahada mbili, mwavuli mmoja.

Jumanne, 5 Machi
Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama, nikakiona. Rada yetu bado haikamati vitu vidogo vya karatasi. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni fundi wa vishada na hana kazi. Nimemwomba arushe kimoja nyuma ya kilima Jenerali akiwepo. Skrini itakuwa tupu. Mimi nitakiona kwa macho yangu, nitanyoosha kidole, na Kalamu Mbili atatafuta pa kuficha uso.

Jumatano, 6 Machi
Shemeji anasema kishada kiko tayari, tena kimependeza. Mke wangu ananuna: foili yake ya kuokea imekwisha yote. Nimemwambia siku hizi viwanda vinapunja. Nimefanya mazoezi ya kunyoosha kidole kwenye kioo.

Alhamisi, 7 Machi
Sina hamu.
Jenerali kafika na manyunyu, nimemfunika vizuri. Kishada kikapanda. Nikasafisha koo, nikainua kidole. Kabla sijafungua mdomo, Kalamu Mbili akatangaza kwa upole kuwa kuna kitu kidogo nyuma ya kilima, kinayumba. Jenerali akatazama. Kilikuwa kinang'aa kama sufuria mpya. Shemeji alikivisha foili chote, na rada hakuna inachokipenda kama bati.
Makofi. Kisha walinzi wakamleta shemeji, kamba ya kishada shingoni. Wakamuuliza katumwa na nani. Akanitazama kwa furaha.
"Shemeji, umeona kilivyopendeza?"
Mwavuli ukanitoka mkononi. Jenerali akaloa. Kalamu Mbili akaeleza haraka kwamba sisi wawili tulipanga jaribio la siri, na kwamba wazo lilikuwa langu. Jenerali akanipa mkono uliolowa. Shemeji akaachiwa.

Ijumaa, 8 Machi
Kalamu Mbili kapewa kiti. Jambo lake la kwanza: kuomba niwe msaidizi wake. Kanipa hata kalamu moja. Mke wangu anasema mtu kaniokoa na jela, niende nikamshukuru. Wanawake hawaelewi siasa za ofisini. Mtu akikufadhili hivi bila sababu, ujue anakuogopa.
Jumatatu atahutubia wafanyakazi wote. Vipaza sauti vinatunzwa kwenye kabati langu. Nimemwalika shemeji chakula cha mchana kesho. Anasema na umeme anaujua kidogo.