Ombi la Kumwondoa Kobe Kwenye Ndoa Yangu

Kwa Mkurugenzi,
Studio ya Katuni, ghorofa ya pili,
juu ya karakana yangu.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KOBE WENU NA MKE WANGU

Salamu nyingi zikufikie hapo juu, wewe na wachoraji wako wote. Mimi ni mzima kiasi. Ningeweza kupanda tukaongea, maana kati ya mlango wangu na wako pana ngazi tu na ndoo ya mama wa usafi, lakini jambo hili ni zito na linataka maandishi. Tena nikipanda huwa mnanipa chai, nikishaishika chai nasahau nilichokuja kusema.

Kabla sijalalamika, ijulikane kwamba mimi si adui wa studio. Nilikuwepo mlipoanza. Nakumbuka ulivyoacha kufundisha uchoraji shule ya msingi, ukaja na binamu yako, yule mrefu tunayemwita Kifutio kwa sababu kila anachochora anakifuta, mkapanga chumba kilichokuwa stoo ya magunia matupu. Meza zenu za kwanza, zile zenye kioo juu na taa chini ili mchoraji aone karatasi iliyotangulia, nilizitengeneza mimi. Nilihudhuria filamu yenu ya kwanza, ya kiatu kinachomtafuta mwenzake, ambayo mliichora karatasi kwa karatasi mwaka mzima. Niliinama kuokota funguo zangu, nilipoinuka ilikuwa imekwisha. Hata hivyo nilipiga makofi.

Nilikuwa upande wenu hata pale kampuni ya sabuni ilipowaletea kazi ya tangazo mkaikataa, kwa sababu wao walitaka sabuni iimbe na ninyi mkasema sabuni ile haina sababu yoyote ya kuimba. Mtaa mzima ulisema mmechanganyikiwa. Mimi nilisema hawa watu wana msimamo. Ndiyo maana yaliyofuata yameniuma kuliko ambavyo yangemuuma mtu mwingine, na nayapanga kwa namba ili tusipotezane.

1. KUHUSU KIBANDA. Mlipoanza filamu za kuku na kobe, mlinipa kazi ya kujenga kibanda cha kurekodia sauti. Nilikijenga kwa kuta mbili mbili za mbao, katikati nikajaza godoro, mlango nikaupa bawaba nzito, nikahakikisha kwamba ukiufunga hata pikipiki ikipita chini ya dirisha huisikii. Ni kazi ambayo bado najivunia, na hapo ndipo uchungu ulipo.

Siku chache baadaye mke wangu alipanda kuwagombeza. Mlikuwa mnakanyaga changarawe kwenye beseni ili mpate sauti ya mtu anayetembea, naye alikuwa amejinyoosha kidogo nyumbani kwetu, ghorofa ya kwanza, chini yenu hapo. Yule kijana wenu wa sauti, badala ya kuomba radhi, alimwekea maiki mdomoni. Ndivyo mke wangu alivyokuwa kuku. Sikupinga. Nilijua kazi ya kuku ni kutaga na kukimbia. Hakuna aliyenieleza kwamba kuku huyu ameolewa.

Sasa kila Alhamisi mchana mke wangu anaingia kwenye kibanda nilichokijenga kwa mikono yangu, anavuta mlango nilioufunga mwenyewe, anamwambia kobe: "Umerudi, mume wangu? Njoo ukae hapa karibu. Leo nimekukumbuka mchana kutwa." Nimeyasikia ukumbini, mbele za watu. Ndugu Mkurugenzi, mimi nikirudi naambiwa, "Vumbi hilo, lipukutie nje." Sauti ni ileile. Koo ni lilelile. Mimi na koo hilo tumeishi pamoja tangu ujana wetu.

2. KUHUSU TABIA ZA KOBE. Ningeweza kuvumilia kama angekuwa kobe wa maana. Nimemchunguza kwa makini, nimeona filamu zote tatu, na sijaona mwanamke angempendea nini. Anarudi jioni, anakaa kwenye kiti chake hichohicho, anavua viatu. Ana viatu vinne. Anavivua kimoja kimoja huku akiguna, na mke wangu anamsubiri. Nimeambiwa Kifutio alikesha na kushinda kwenye viatu hivyo mpaka macho yakamvimba, kwa sababu kila kiatu kilitaka michoro yake, na kila mguno ulitaka shingo irudi ndani kidogo. Kazi ni nzuri, hilo silikatai. Nalalamikia mhusika.

Tena ana penseli sikioni. Kobe hana sikio la nje. Mmelazimika kumchorea sikio ambalo Mungu hakumpa, ili penseli ipate pa kukaa. Nilimuuliza Kifutio sababu, enzi zile alipokuwa anashinda karakana kwangu na daftari lake akisema anachora mbao, akacheka tu akaendelea kunitazama.

Baya kuliko yote, kobe hajibu. Mke wangu anamweleza habari za siku nzima, majirani, mvua, kifaranga aliyekataa shule, naye anatikisa kichwa na kutazama sahani. Mimi pia hutikisa kichwa mke wangu akiongea, lakini mimi natikisa kwa maana, na yeye anajua. Watu wawili watatu wamejaribu kuniambia kwamba kobe huyo anafanana na mtu fulani wa hapa mtaani. Nimemtazama sana na sijamtambua.

3. KUHUSU HESHIMA YANGU. Kinyozi wangu, mtu mzima mwenye watoto, ananiuliza wembe ukiwa shingoni, "Mume mwenzio hajambo?" Nitajibu nini na wembe uko pale? Mteja alikuja kuagiza kabati la vyombo, akaliona jina langu kwenye kibao cha mlangoni, akauliza kama ndipo anapokaa kuku. Alipopata jibu alipiga picha na mlango akaondoka. Kabati hakuagiza.

Mama mkwe wangu, ambaye tangu nioe binti yake amekuwa akinisifia usafi wa kucha tu, aliiona filamu ya tatu akasema mbele yangu kwamba yule mkwe ana utulivu. Alisema "yule mkwe". Mjukuu wangu naye ananiita Babu Mdogo. Nilipouliza Babu Mkubwa ni nani, alinionyesha ukutani, ambako binti yangu amebandika picha ya kobe mliyowagawia watoto baada ya onyesho.

4. KUHUSU MAZOEZI YA NYUMBANI. Hapa naomba usome polepole. Mke wangu hufanya mazoezi ya maneno yake jikoni, anapokatakata vitunguu, karatasi yenu akiwa ameiegemeza kwenye chupa ya mafuta. Asubuhi moja nilikuwa navaa shati nikasikia sauti laini ikisema, "Leo usichelewe, nitakusubiri tule pamoja." Nilisimama na kifungo mkononi. Nikajibu kwamba sitachelewa.

Akasema, "Sisemi na wewe."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama unavyomwambia mtu aliyekaa kwenye kiti cha mwenzake. Nikamaliza vifungo nikashuka kazini, na siku hiyo niliharibu ubao mzuri kwa sababu nilikuwa nakata huku nawaza. Jioni niliwahi kurudi. Mke wangu akaniuliza kama umeme umekatika karakana.

Niseme wazi kwa sababu barua haina uso: iliniuma. Si kwamba nadai kubembelezwa, umri huo umepita na magoti yangu yana habari. Lakini maneno yale yapo ndani ya mke wangu, mmeyatoa, na nikagundua kwamba sikujua kama bado yapo. Yakitoka, yanakwenda kwa mnyama wa karatasi ambaye hata ahsante hasemi.

5. KUHUSU HATUA ZA KUCHUKUA. Nimetafakari kwa haki na bila hasira, nikiwa napiga randa, na nimeona kuna njia tatu.

Ya kwanza, kobe asafiri. Hii niliipenda kwanza. Kisha nikaona kwamba akisafiri atapigiwa simu, na mke wangu akiwa kwenye simu na mtu aliye mbali maneno huongezeka. Tena kwa mwendo wa kobe, safari ya kwenda sokoni tu itawachukua filamu mbili, na kurudi mbili. Nitakuwa nimejichongea mwenyewe.

Ya pili, watengane. Hii nayo nimeikataa, kwa sababu kuku atalia. Mke wangu hajui kulia nusu. Atalia kibandani mchana na kurudi nyumbani na macho mekundu, majirani watasema ni mimi, na itabidi nimtetee kobe ili nijitetee mimi.

Inabaki ya tatu. Naomba kobe afe.

Najua ni ombi kubwa, na nimelifikiria kwa upande wenu pia. Mkisubiri afe kwa uzee mtangoja sana, maana kobe anaishi kuliko fundi seremala, na kwa hesabu hiyo mimi ndiye nitakayetangulia na kumwachia nyumba. Afe kwa heshima, bila mateso, ikiwezekana akiwa amelala, ili msilazimike kuchora mengi. Jeneza nitalitengeneza mimi bila kudai chochote, jeneza halisi dogo, ili Kifutio apate cha kutazama anapochora. Nimeshaanza kulipigia mistari. Tatizo ni gamba: ukitaka kifuniko kilale sawa inabidi ukipinde, na ukikipinda linaonekana kama sufuria. Nimepata suluhisho, kifuniko kiwe na sehemu mbili zenye bawaba. Utaona linapendeza.

Kuku atakuwa mjane, hilo nimelizingatia. Ataomboleza filamu moja, isizidi. Nitakuja msibani kama jirani yeyote, nitatoa pole, nitakaa mkekani na wachoraji wako. Baada ya hapo kuku akae tu mwenyewe kwa amani na vifaranga wake, na maneno yote yaliyobaki yarudi nyumbani kwa mwenyewe.

Ombi hili likikataliwa, Ndugu Mkurugenzi, nitasikitika kupanda Alhamisi na bisibisi yangu kuung'oa mlango wa kibanda. Kibanda ni mali yenu. Lakini fundi ana haki ya kujua kazi yake inatumika kufungia nini.

Nimeandika haya kwa moyo safi na bila kumchukia mtu, isipokuwa huyo mmoja mwenye gamba. Nisalimie Kifutio, mwambie apumzishe macho. Nisalimie kijana wa sauti, na mama wa usafi, na yule binti anayepaka rangi ambaye alimpa kobe shati linalofanana na langu. Mwambie rangi ameipatia. Wasalimie wote wanaokuja kuangalia filamu zenu, hata kama wanakuja kumwangalia yeye.

Ni mimi jirani yako wa chini,
Fundi seremala,
mume wa kuku, wa halali na wa kwanza.

Nyongeza:

Barua zangu zote humpa mke wangu azisome kabla hazijaondoka, kwa sababu mimi nukta huwa naziona zinachelewesha. Hii pia nilimpa. Niliona nikimficha nitakuwa mtu wa siri, na mtu wa siri tayari tunaye mmoja. Aliketi akaisoma yote, akaweka nukta zake, akanyoosha herufi mbili tatu. Hakucheka. Alipofika kwenye vitunguu alirudi juu akasoma tena.

Kisha akaniuliza, "Sasa huyo kobe, miaka yote hii nasema naye. Kwa nini hajibu?"

Nikamwambia hilo ni swali la studio, ndio wanaomchora.

Akasema studio mmeshamaliza upande wenu. Akasema mdomo wa kobe mmeuchora unafunguka na kufungika tangu filamu ya kwanza, mnangoja sauti tu. Akasema mmemletea wanaume wa kila aina awajaribu, hata yule msoma taarifa ya habari mwenye sauti nzito, na wote amewakataa. Nikamuuliza kwa nini. Akasema vitunguu vinaungua, akaondoka. Nilichungulia jikoni. Jiko lilikuwa halijawashwa.

Kwa hiyo naomba ombi la kifo lihesabiwe kuwa limefutwa. Alhamisi nitapanda, lakini bisibisi nitaiacha chini. Nimeandaa maneno ya kobe. Ni machache, nimeyafanyia mazoezi karakana mashine ikiwa inanguruma, na hapa sitayaandika kwa sababu yeye ndiye msomaji wa barua zangu. Naomba awe humo kibandani pamoja nami, na mlango ufungwe kabisa.

Na naomba mara ya kwanza nitakapoyasema, kijana wa sauti awe amezima mashine.