Tone Moja Sakafuni

Jumatatu, 8 Septemba

Raymond kaleta pikapu kutoka Dar. Nyeupe. Vioo vinapanda vyenyewe! Kina mama wa usharika wameizunguka kama mwali anayetolewa nje. Nami nilikuwa pale pale na pikapu yangu, Malkia, iliyowabebea mahindi kina mama hao hao tangu hawajalijua jina la Raymond. Hakuna aliyegeuka. Mzee Dunstan, mzee wa kanisa, ndiye pekee aliyegeuka, tena ni kunionyesha madoa chini ya Malkia. Moja jeusi, moja jekundu.

Jumapili kwaya inapanda Lutindi kwenye sikukuu ya mavuno. Wanakwaya watakwenda na basi dogo. Kinanda na mwalimu wa kwaya watapakiwa kwenye pikapu. Mwalimu wa kwaya ni Emiliana. Jina hili naliandika taratibu. Mzee Dunstan kasema Alhamisi, wakati wa mazoezi, pikapu zote mbili zisimame kwenye sakafu mpya ya saruji mbele ya kanisa. Itakayodondosha hata tone, haiendi. Sakafu ile ni jasho la kina mama, si mahali pa kupaka oili.

Raymond alicheka. Nami nikacheka. Roho iliniuma mpaka chakula cha mchana kikanishinda.

Jumanne, 9 Septemba

Nimempeleka Malkia kwa fundi Sadala, Manundu. Kalala chini ya gari, katoka akitikisa kichwa. Kasema magonjwa ni mawili. Oili ya injini inavuja juu, kwenye gasketi ya kava la tapeti, kile kifuniko cha juu ya injini, halafu inateremka hadi chini na kumtisha mtu bure. Ile nyekundu ni ya stelingi, inayolainisha usukani. Mpira unaotoka kwenye pampu umechanika karibu na kiungo. Aoshe injini kwanza, abadili gasketi na mpira, nichukue gari Ijumaa.

Ijumaa! Na Alhamisi je? Halafu nikaona jambo. Pikapu ya Raymond nayo imeletwa hapo kukaguliwa, iko kivulini, yangu juani. Na Sadala alipopita karibu nayo, aliifuta vumbi kwa shati lake. Shati lake mwenyewe! Miaka yote hii hajamfuta Malkia hata kwa gazeti. Nikamwambia asante, nitatengeneza mwenyewe. Akanitakia kila la heri.

Babu yangu alikata mkonge Mnyuzi mpaka mgongo ukapinda. Bomba la maji la nyumbani limefungwa kwa katani na halivuji. Mpira wa stelingi nao ni bomba tu. Nani wa kunifundisha mimi katani?

Jumatano, 10 Septemba

Nimesokota katani, nimeipaka sabuni ya mche, nimeuviringisha mpira wa stelingi ukawa kama mkono uliovunjika. Kava la tapeti nimelikandika sabuni pande zote. Ikabaki kujaza oili ya stelingi.

Dukani nikamkuta nani? Raymond, ananunua manukato ya gari. Gari na manukato! Nilitaka kumuuliza muuzaji oili ya stelingi ni ipi, lakini niulize mbele ya Raymond? Nikachukua chupa iliyokuwa karibu, nikasema kwa sauti kwamba hii ndiyo naweka kwenye stelingi siku zote. Raymond akaniambia kwa upole kwamba, kaka, hiyo ni ya breki, huko itaharibu sili za pampu. Upole wake ndio unaonikera zaidi. Nikamjibu kwamba kila mtu na gari lake. Nimeimimina yote. Ningeirudishaje chupa huku ananitazama?

Alhamisi, 11 Septemba

Ushindi! Ingawa asubuhi katani ilikuwa imelowa chapachapa. Sikukata tamaa. Nimechukua sufuria ya wali ya dada Fausta, nikaifunga kwa waya chini ya injini. Kinachodondoka kinadondokea humo. Dada kazunguka nyumba nzima akiitafuta. Nilimsaidia kutafuta.

Pikapu zikasimama bega kwa bega. Emiliana anaimbisha, mimi nimekodolea macho chini ya gari la Raymond. Mara, to! Tone! Nikapiga haleluya katikati ya wimbo wa toba. Raymond akaeleza kwamba ni maji ya kiyoyozi. Emiliana akachovya kidole, akasema kweli, ni maji matupu. Lakini Mzee Dunstan hajawahi kumiliki kiyoyozi. Kasema tone ni tone. Kisha akainama kwa Malkia. Kwa magoti yale aliishia kuitazama sakafu, juu hakufika. Sakafu kavu! Nimechaguliwa mimi.

Raymond akanipa mkono wa hongera. Angalau angenuna!

Jumamosi, 13 Septemba

Malkia ananguruma kila nikikata kona, kama ng'ombe aliyepotelewa na ndama. Usukani mzito. Sadala kapita, kasikia, kasema pampu inakufa, nisithubutu kupanda nayo mlima. Nilijua tu katumwa na Raymond. Nikambishia. Akaondoka akisema sikio la kufa halisikii dawa.

Jioni Emiliana kanipigia. Kauliza kama gari ni zima, maana kinanda hakina spea, na yeye pia hana. Nilitaka kumwambia ukweli. Kweli kabisa, ulikuwa mdomoni. Ndipo akaongeza kwamba Raymond kajitolea kutufuata nyuma, kwa usalama tu. Kwa usalama tu! Nikasema gari ni zima kama kigongo.

Jumapili, 14 Septemba

Emiliana kakaa mbele, vazi la kwaya limepigwa pasi, kinanda nyuma. Tulipoanza kupanda, sufuria ikalala upande, oili ikamwagikia bomba la moshi. Moshi! Akauliza nini kinaungua. Nikasema ni wachoma mkaa.

Kwenye kona kali usukani ukagoma kabisa. Nikavuta kwa mikono miwili. Emiliana akashika naye. Mikono yetu pamoja! Kwa kitambo kidogo nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote wilayani. Kisha nikaliona bonde. Nikakanyaga breki, Malkia akaserereka upande wa mlima, akazama mtaroni, akaegemea migomba.

Raymond alifika moshi haujatawanyika. Akahakikisha kwamba tuko wazima, akahamisha kinanda. Emiliana aliinama, akaiona sufuria. Alisema kwa sauti ndogo kwamba gari linalovuja waziwazi angelikataa au angelipanda kwa hiari yake. Mimi nilijua, na bado nikamketisha pale. Nilitaka kusema nilifanya kwa ajili yake, lakini hata masikioni mwangu ilisikika vibaya. Wakaondoka. Baadaye niliwasikia wakiimba huko juu. Nililia, na si kwa ajili ya gari.

Jumatatu, 15 Septemba

Trekta limemvuta Malkia hadi kwa Sadala. Kasema pampu mpya, mpira mpya, sili, gasketi, na uchafu wangu wote utoke. Nimekubali kila neno. Dada nimemwomba radhi. Emiliana nimemtumia ujumbe wa samahani, naye kajibu yameisha. Nikajiambia: Habakuki, wivu umekutupa mtaroni, basi, yatosha. Nilipata usingizi mzuri wa mchana.

Jioni kaja Raymond, na sukari na majani ya chai, kama mtu mwenye shida. Kasema yeye na Emiliana wamekubaliana. Anatafuta mshenga wa kupeleka barua ya posa Handeni, kwa baba yake Emiliana, Mzee Benedicto. Mzee huyo hamsikilizi mtu asiyemjua, lakini alifanya kazi na marehemu baba yangu. Emiliana mwenyewe ndiye aliyenitaja.

Nilitaka kukataa. Kisha nikafikiri. Siku ya posa, nani husema mbele ya wazee? Mshenga. Nani hula kuku? Mshenga. Na mposaji yuko wapi? Kwao, anangoja! Nikipanga maneno vizuri, mzee atauliza kwa nini kijana mwenye ulimi kama huu hana mke. Nimekubali, tena nikamkumbatia Raymond kama ndugu.

Akashukuru mno, akaniwekea mezani ufunguo wa pikapu yake niende nayo. Nikamrudishia. Niingie Handeni na gari la mwanamume mwingine? Barua inakwenda Alhamisi, na Sadala kasema Malkia hawezi kuwa tayari kabla ya Jumamosi. Kesho namchukua, nimalizie mwenyewe.